Kitambaa Kinacholia: Sanaa ya Jamii kama Mbolezi ya Waliouawa kwa Ukatili

1. Utangulizi

Waswahili husema kuwa kifo cha wengi ni harusi. Wasemao hivyo hawakusudii kwamba vifo huleta furaha. Maana yake ni kuwa msiba ukishirikiwa hupungua uzito, na aliyefiwa akizungukwa na waliofiwa wenzake hupata pa kuegemea. Hata hivyo, ziko nyakati ambapo methali hii hushindwa. Watu wanapouawa kwa makumi au kwa mamia, tena kwa mkono wa mwanadamu mwenzao, wingi huo haupunguzi uchungu bali huwameza wafu wenyewe. Kila mmoja wao hupoteza jina lake na kugeuka sehemu ya idadi. Redio huitangaza idadi hiyo, wakuu huisahihisha, na baada ya siku chache habari nyingine huchukua nafasi yake. Mama aliyempoteza mwana mmoja hamsikii mwanawe akitajwa popote.

Makala haya yanachunguza namna jamii zinavyojaribu kuliokoa jina la marehemu kutoka katika idadi hiyo kwa kutumia sanaa inayotengenezwa kwa pamoja. Mfano mkuu ni vitambaa vilivyoshonwa na wanawake wa Chile, huko Amerika ya Kusini, wakati wa utawala wa kijeshi wa 1973 hadi 1990. Vitambaa hivyo huitwa arpillera. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, unahusu hali ngumu kuliko zote katika uombolezaji, yaani msiba usio na maiti. Pili, chombo chake ni nguo, na nguo ni chombo ambacho mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anakijua vyema kupitia kanga na majina yake. Baada ya hapo mjadala utarejea Kenya ili kuona ni nini kinachofanana na ni nini kinachotofautiana. Hoja ya msingi ni kwamba sanaa ya aina hii si pambo la maombolezo. Ni mbolezi kamili, na maana ya mbolezi inayofundishwa madarasani inafaa kupanuliwa ili iipokee.

2. Mbolezi na Masharti Yake

Katika uainishaji wa fasihi simulizi, mbolezi huwekwa miongoni mwa nyimbo. Huelezwa kuwa ni wimbo uimbwao wakati wa kilio, matanga au kumbukumbu, wenye toni ya huzuni, unaomsifu marehemu, kumlilia na kuwafariji waliosalia. Fasili hii ni sahihi, lakini nyuma yake yamejificha masharti ambayo hayatajwi kwa kuwa katika hali ya kawaida yanatimia yenyewe.

Sharti la kwanza ni maiti. Mwombolezaji huimba mbele ya jeneza, kando ya kaburi au katika nyumba alimotolewa marehemu. Sharti la pili ni mahali na muda. Matanga yana nyumba yake, mikeka yake na siku zake, na huja siku ya kuyaondoa. Kwa Waislamu wa Pwani, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha hutoka. Kwa jamii nyingi za bara, zipo taratibu za kunyoa, kugawa nguo za marehemu na kutakasa boma. Sharti la tatu ni hadhira iliyo huru kulia. Jirani huja bila kuogopa kuonekana amekuja.

Ukatili wa kisiasa huyavunja masharti yote matatu. Maiti huenda isipatikane kabisa, au ikapatikana ikiwa haitambuliki. Muda haupimiki, kwa sababu matanga hayawezi kuondolewa kama hayajaanza. Mke ambaye hajui kama mumewe yu hai au amekufa hawezi kuhesabu siku za eda, wala hawezi kuitwa mjane. Hadhira nayo hutawanyika, kwani kumlilia aliyeuawa na wenye nguvu huweza kuhesabiwa kuwa kosa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Pauline Boss, ambaye utafiti wake ulianza na familia za wanajeshi waliotoweka vitani, ameeleza kuwa msiba usio na hakika ni mgumu kuliko msiba wa kawaida, kwa sababu mfiwa hukwama kati ya kungoja na kulia. Akilia, huona kana kwamba anamuua mpendwa wake kwa machozi yake. Asipolia, huzuni humla ndani kwa ndani.

Swali linalozuka hapa ni hili: je, masharti hayo yakivunjika, mbolezi nayo hufa? Wanawake wa Chile walilijibu swali hili kwa sindano.

3. Vitambaa vya Chile

Mnamo tarehe 11 Septemba 1973, jeshi la Chile likiongozwa na Jenerali Augusto Pinochet liliipindua serikali ya Rais Salvador Allende. Utawala uliofuata ulidumu hadi Machi 1990. Tume rasmi zilizoundwa baadaye zilithibitisha kuwa zaidi ya watu 3,000 waliuawa au kutoweshwa, na wengine makumi ya maelfu walifungwa na kuteswa. Neno kutoweshwa linahitaji kuzingatiwa. Mtu alikamatwa nyumbani au njiani, kisha wakuu wakakana kuwa wamewahi kumshika. Hakuwa mfungwa wala marehemu. Katika kumbukumbu za dola alikuwa kama hajapata kuwapo.

Wanawake waliowatafuta waume, wana na ndugu zao walikuwa wakikutana katika foleni zilezile, kwenye vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti. Mwaka 1974, kwa msaada wa kamati ya makanisa mjini Santiago, baadhi yao walianza kukusanyika kushona. Kamati hiyo ilipolazimishwa kufungwa, kazi yake iliendelezwa kuanzia 1976 na ofisi iliyoanzishwa na Kadinali Raúl Silva Henríquez, iliyojulikana kama Vicaría de la Solidaridad. Neno arpillera lenyewe maana yake ni kitambaa cha gunia, kwa kuwa gunia ndilo lililokuwa msingi wa kazi. Ushonaji wa picha juu ya gunia haukuwa mgeni nchini humo. Msanii na mwimbaji Violeta Parra aliwahi kuonyesha kazi zake za aina hiyo mjini Paris mwaka 1964. Kilichokuwa kipya ni jambo lililoshonwa.

Juu ya kipande cha gunia wanawake hao walishona picha kwa vitambaa vya rangi. Walionyesha mlango uliovunjwa usiku, kiwanda kilichofungwa, chungu cha pamoja cha kuwalisha wasio na kazi, na wanawake waliobeba picha za wapendwa wao wakiuliza wako wapi. Nyuma ya baadhi ya vitambaa kulikuwa na mfuko mdogo uliofichwa karatasi yenye maelezo mafupi ya aliyeshona. Kazi nyingi ziliuzwa nje ya nchi kupitia makanisa na makundi ya mshikamano, na pesa zilizopatikana ziliwalisha watoto. Mwanzoni wenye mamlaka hawakuzitilia maanani. Waliona ushonaji wa wanawake maskini ni kazi ya mikono isiyo na neno ndani yake. Walipogundua kuwa vitambaa hivyo vilikuwa vikiisimulia dunia yaliyokuwa yakitendeka, vilianza kushutumiwa na kunaswa.

4. Uchanganuzi: Nguo, Mandhari na Mkono wa Wengi

Yapo mambo matatu yanayoifanya arpillera kuwa mbolezi na si kazi ya mikono tu.

La kwanza ni nyenzo. Vipande vilivyotumiwa wakati mwingine vilitoka kwenye nguo za yule aliyetoweshwa. Katika jamii nyingi za Kenya, kugawa nguo za marehemu ni tendo linalothibitisha kuwa hatarudi. Mwanamke wa Santiago hakuwa na ruhusa ya moyo ya kuzigawa, kwani hakujua. Hata hivyo hakuweza kuziacha zining'inie. Kuzikata na kuzishona kulimpa njia ya tatu, ambapo shati la mwana liliendelea kuwapo, lakini katika umbo lililokiri kuwa mwenyewe hayupo. Hapa ndipo arpillera na kanga zinapokaribiana, kisha zikatengana. Kanga husema kupitia jina lililochapishwa kiwandani, na mvaaji huchagua jina linaloafiki hali yake. Arpillera haikuwa na jina lililo tayari. Mshonaji alilazimika kuitunga kauli yake mwenyewe, na kitambaa kilichomgusa marehemu kikawa sehemu ya kauli hiyo.

La pili ni mandhari. Katika kazi nyingi, milima ya Andes husimama juu ya picha, na mara nyingi jua huchomoza juu yake. Mtazamaji wa haraka huweza kudhani kuwa ni mapambo ya furaha yasiyolingana na uchungu ulio chini yake. Dhana hii inapotosha. Mbolezi za Kiafrika aghalabu huitaja mito, milima na nyota zilizomjua marehemu, ili kusema kuwa mahali bado papo ingawa mtu hayupo. Milima katika arpillera hufanya kazi hiyohiyo. Ni shahidi asiyeweza kukamatwa. Rangi angavu nazo huongeza uchungu badala ya kuupunguza, kwa kuwa ukatili unaonekana ukitendeka mchana, katika mtaa wa kawaida wenye miti na watoto.

La tatu ni umoja wa watungaji. Wanawake walishona pamoja chumbani, wakasimuliana habari huku mikono ikifanya kazi. Aghalabu kazi hazikutiwa saini, kwa usalama wao na kwa sababu hadithi ya mmoja ilikuwa pia ya mwingine. Sifa hii inamkumbusha mwanafunzi kanuni ya fasihi simulizi kuwa utungo ni mali ya jamii. Anayeanzisha mbolezi huimba mstari, na waliomzunguka huupokea. Katika karakana za Santiago kiitikio kilikuwa mshono wa jirani.

Tukio moja ladhihirisha nguvu ya uombolezaji huu. Mwishoni mwa 1978, mabaki ya wanaume 15 waliokamatwa Oktoba 1973 yaligunduliwa katika matanuri ya chokaa yaliyoachwa huko Lonquén, karibu na Santiago. Huo ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba waliotoweshwa walikuwa wameuawa. Mwaka 1979 familia zilikusanyika kanisani kuyapokea mabaki hayo kwa mazishi, lakini wakuu waliyazika katika kaburi la pamoja bila idhini yao. Matanuri ya Lonquén yakaingia katika arpillera. Walichonyimwa makaburini wakakifanya kitambaani. Kitambaa hicho hakikuwa picha ya mazishi pekee. Kwa kiasi fulani kilikuwa ndiyo mazishi yenyewe.

Mfano wa pili ni wa ngoma. Cueca ni ngoma ya taifa la Chile, na huchezwa na mwanamume na mwanamke. Kuanzia Machi 1978, wanawake hawa waliicheza hadharani kila mmoja peke yake, huku picha ya mpendwa wake ikiwa kifuani.  Nafasi tupu ya mchezaji wa pili ilitosha kuwa shtaka. Ngoma hiyo nayo ilishonwa katika vitambaa. Kwa wanafunzi wa ushairi, funzo ni kwamba kimya kilichopangwa vyema ni sehemu ya utungo.

5. Hali ya Kenya

Kenya nayo imekuwa na misiba ambayo taratibu za kawaida hazikuweza kuibeba. Tarehe 7 Agosti 1998, mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliua watu 213, na siku hiyohiyo watu 11 wakauawa jijini Dar es Salaam. Mahali ulipokuwa ubalozi wa Nairobi pametengwa bustani yenye ukuta ulioandikwa majina ya waliokufa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Miitikio ya kisanaa ilitofautiana. Wakati wa ghasia za 2008, mchoraji wa Kibera ajulikanaye kama Solo Seven aliandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, mabati na barabara za mtaa wake, hata kabla moshi haujatulia. Mwaka 2009, maonyesho ya Picha Mtaani, yaliyoanzishwa na mpigapicha Boniface Mwangi, yalizipeleka picha za ghasia hizo mitaani katika miji mbalimbali, badala ya kuzifungia katika majumba ya sanaa. Mpitanjia alisimama mbele ya alichokitenda, alichotendewa au alichokifumbia macho. Baada ya msiba wa Garissa, waombolezaji walikusanyika katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, Aprili 2015. Walisimika misalaba ardhini na kuwasha mishumaa kwa ajili ya waliouawa. Wakati huohuo vijana walianza kusambaza kwenye intaneti majina na picha za wanafunzi hao, wakisisitiza kuwa wafu hawakuwa idadi tu. Mmoja alikumbukwa kwa kozi aliyokuwa akisoma, mwingine kwa mzaha wake, mwingine kwa kuwa wa kwanza katika familia kufika chuo kikuu.

Kitendo hicho kinafanana na cha wanawake wa Chile kwa jambo la msingi: kuikataa idadi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini jina la mwana likitajwa hadharani, wasiomzaa hupewa nafasi ya kuujua kidogo. Tofauti ni ya muda. Mishumaa ya Bustani ya Uhuru ilizimika na misalaba ikaondolewa. Arpillera zilishonwa kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na leo baadhi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Kumbukumbu na Haki za Binadamu yaliyofunguliwa Santiago mwaka 2010. Maombolezo ya Kenya mara nyingi huwaka kwa wiki moja. Hali ya familia za waliotoweka katika Pwani na Kaskazini Mashariki katika miaka ya 2010 ndiyo inayofanana zaidi na ya Chile.

Liko pia suala la ishara. Msalaba humfariji Mkristo, lakini nchi yenye dini nyingi inahitaji ishara zitakazompa kila mfiwa mahali pa kusimama. Nguo, mti na jina ni baadhi ya ishara zinazoweza kuvuka mipaka hiyo.

6. Mipaka na Hatari

Haifai kuisifu sanaa ya maombolezo bila kuihoji. Hatari ya kwanza ni biashara. Arpillera zilipouzwa ughaibuni, huzuni iligeuka bidhaa ya kutundikwa ukutani kwa mtu ambaye hakumjua marehemu. Jibu la hoja hii ni kuwa mauzo yalikuwa na kazi mbili, kulisha nyumba zilizopoteza mtafutaji na kupitisha habari palipozibwa midomo. Hata hivyo hatari ilibaki, na kila jamii inayouza kumbukumbu yake inapaswa kuiangalia.

Hatari ya pili ni kuitumia sanaa kuzima madai. Ni rahisi kwa wenye mamlaka kuzindua mnara, kukata utepe na kutangaza kuwa taifa limepona. Mnara wa namna hiyo huwaambia wafiwa wanyamaze. Mbolezi halisi haifanyi hivyo. Katika jamii kadhaa, mwombolezaji ana haki ya kumtaja aliyesababisha kifo, na hakuna anayemkata kauli. Arpillera ziliilinda haki hiyo. Ziliuliza wako wapi, na swali hilo halikukoma utawala wa kijeshi ulipoondoka. Mnamo Agosti 2023, nusu karne baada ya mapinduzi, serikali ya Chile ilizindua mpango wa kitaifa wa kuwatafuta waliotoweshwa, kwani zaidi ya watu 1,000 walikuwa bado hawajulikani waliko.

Hatari ya tatu ni kudhani kuwa sanaa huponya yenyewe. Kitambaa hakimrudishi mtu. Kinachofanyika ni kidogo zaidi ya hapo, na pengine ni cha kweli zaidi. Huzuni iliyokuwa ndani ya mtu mmoja hupewa umbo, na chenye umbo huweza kushikwa na mikono mingi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Jamii inayouficha msiba wake hungoja tu siku ya kuumbuliwa.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa ukatili wa kisiasa huvunja masharti ya mbolezi ya kawaida, yaani maiti, muda na hadhira huru. Yameonyesha pia kuwa sanaa ya jamii huweza kuyajenga upya masharti hayo kwa njia nyingine. Nguo ya marehemu huchukua nafasi ya mwili, mshono wa polepole huwa ndio muda wa matanga, na chumba cha kushonea huwa hadhira. Kwa msingi huo, inapendekezwa kuwa fasili ya mbolezi isiishie kwenye wimbo. Mbolezi ni tendo la jamii la kumtaja marehemu, kuutangaza upungufu alioacha na kuwaunganisha waliosalia. Tendo hilo huweza kuimbwa, kuchezwa, kuchorwa au kushonwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mahususi hapa. Wanaokwenda nyanjani kukusanya nyimbo za kilio wanapaswa pia kuuliza juu ya vitu: leso iliyotunzwa, picha iliyobandikwa, ukuta ulioandikwa jina, mti uliopandwa kwa ajili ya mtu. Wanapaswa kuandika ni nani aliyekitengeneza kitu hicho, pamoja na nani, na jina gani hutajwa kinapoonyeshwa. Data ya namna hiyo haidumu. Kuta hupakwa rangi, wazee hufariki, leso huchakaa. Kifo cha wengi huwa harusi pale tu wengi hao wanapojulikana mmoja mmoja. Kuyaandika majina yao kwa lugha ambayo mama zao wanaielewa ni sehemu ya kuwazika.